Redio Isiyo na Vitufe

Mume wangu huinua magari. Sisemi kwa jeki ya kubadilishia tairi. Anayainua moja kwa moja, springi ndefu, shokamzoba ndefu, tairi za kufika kiunoni, mpaka mwenye gari akitaka kuingia lazima adandie. Wateja wake ni wakulima wa mlimani, wapima ardhi, na wengine wachache wanaotaka tu kuonekana. Gereji ni ua wetu wenyewe. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili naanika nguo katikati ya ekseli, na shuka nyeupe sijapata kuianua ikiwa nyeupe.

Ana sharti moja. Springi mpya zikishafungwa hujilaza, na nati za yuboti, vile vyuma vilivyopinda vinavyoishika springi kwenye ekseli, hulegea. Kwa hiyo baada ya wiki ya barabara mbovu gari lirudi, nati zikazwe upya. Dakika ishirini, bure. Nani anarudi? Mtu akishakaa kule juu akawaona wenzake wako chini, habari za nati zinamtoka kichwani. Ndipo mume wangu alipoanza ushenzi wake: anabandua kipande cha mbele cha redio, kile chenye vitufe, anakitundika msumarini. Unataka muziki? Rudi tukaze.

Nilimwambia huo ni wizi mtupu.

"Mama watoto," akanijibu, "watu hawa hawaogopi kufa. Wanaogopa kusafiri kimya."

Basi mkwe wetu, mume wa binti yetu wa pekee, akaleta gari lake. Alikuwa amehamishiwa shule ya mlimani. Wiki nzima angepeleka vyombo, na Jumamosi angewachukua binti yetu na mapacha wao wa miaka minne, saa sita za makorongo na kona. Mume wangu alilishughulikia gari lile siku tatu. Lakini siku ya kulikabidhi, mkono ulifika kwenye redio ukarudi. Mkwe ni mkwe.

"Mwanangu, Alhamisi upite tukaze."

"Bila shaka, baba."

Walipokuwa wakiagana kwa heshima zao, mimi nilipanda kuweka mfuko wa nguo za wajukuu kwenye kiti cha mbele.

Alhamisi hakupita. Ijumaa mume wangu akampigia simu, akamweleza yote, nati, ekseli, kona. Mkwe akaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kwa ile adabu ya mtu asiyesikia. Gari limetulia kabisa, alisema, tutakaza wakati wa likizo.

Mume wangu hakula. "Niliona haya kuibandua redio, sasa nione haya nini?" alirudia, na msumari ukutani ulikuwa mtupu. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe roho ilikuwa juu, kwa sababu yangu nitakayoisema.

Jumamosi asubuhi honi ikalia getini. Gari limejaa magodoro hadi darini. Binti yangu aliruka chini kabla halijasimama vizuri.

"Baba, tupe redio yetu! Mwenzangu wiki nzima anaona haya kukuuliza. Mimi siwezi kukaa saa sita na hawa wawili bila nyimbo zao."

Mume wangu akautazama msumari. "Sikuichukua."

"Baba!"

"Kazeni kwanza," nikasema. "Redio itaonekana."

Mume wangu akanitazama, kisha akachukua spana, akaingia chini ya gari. Halafu akaita, "Mwanangu, hebu njoo uone."

Mkwe akaingia uvunguni na shati lake safi. Nati ya nyuma kushoto mume wangu aliizungusha kwa vidole viwili. Ya pili haikuwepo kabisa. Mkwe alipotoka alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akawabeba watoto wake wote wawili kwa mpigo na kuwashikilia hivyo hivyo. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikamshukuru Mungu kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Nati mpya ilipofungwa na zote kukazwa, niliingia jikoni, nikapenyeza mkono kwenye pipa la mchele, nikatoka na kile kipande cha redio.

"Mwizi," mume wangu akaniambia. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Nikampa mkwe. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifuta punje ya mchele, akakitazama. Kisha akaenda mwenyewe kukitundika msumarini.

"Nitakifuata Jumamosi ijayo, baba."

"Na nyimbo za watoto?" binti yangu akapiga kelele.

Mkwe akawasha gari, akakohoa kidogo, akaanza kuimba.