Kicheko Nilichokisikia Kwenye Apu ya Televisheni

Nilimwita mama yangu mzazi malaya wa mume wangu, yeye mwenyewe akiwa ameketi mbele yangu na mtoto wangu mapajani. Sikujua kwamba ni yeye ninayemsema. Lakini nilisema, na sauti ilikuwa yangu.

Wacha nieleze kwa mpangilio.

Tunaishi Manassas, huku Marekani. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee kule Annandale, zamu ya mchana. Mume wangu hufanya kazi ghalani usiku, kwa hiyo mchana analala ghorofani. Nilipojifungua, mama alikuja kutoka kwetu Bungoma, Kenya, kunilelea mtoto ili nirudi kazini.

Wa kwetu wanajua ugumu uliokuwepo. Mama mkwe na mkwewe hawaketi chumba kimoja wala hawapeani mkono. Kulala nyumba moja ndiyo kabisa! Mama alikubali kwa ajili ya mjukuu tu, tena kwa sharti kwamba apewe chumba cha chini chenye mlango wake wa nje. Mchana, sebule ilikuwa yake na mtoto. Mume wangu akitaka kushuka, alikohoa kwanza kwenye ngazi, mama akajitoa mpaka apite.

Televisheni yetu inaendeshwa kwa sauti. Kuna kispika chini yake: unakiita, unakiambia unachotaka kutazama, kinakuwekea. Rimoti ilipotea zamani na hatukuitafuta. Nisichowahi kumwambia mtu pale nyumbani ni kwamba kila agizo linabaki kwenye apu, na apu iko kwenye simu yangu. Unaweza kulisikiliza upya, sauti yenyewe.

Siku moja nikiwa mapumzikoni kazini, niliifungua bila sababu. Nikakuta sauti ya mume wangu, mchana, wakati aliopaswa kuwa usingizini. Anaagiza sinema ya Kinaijeria, ya harusi. Mume wangu, mtu wa mpira na taarifa ya habari!

Kesho yake tena. Na safari hii, nyuma ya sauti yake, mwanamke anacheka. Kicheko kirefu cha mtu aliyejinyoosha kwenye kochi langu.

Nikaanza kuchunguza. Nikakuta kikombe kwenye ngazi, kimenywewa nusu. Nilimuuliza mume wangu kama analala vizuri, akasema analala kama gogo. Nilimuuliza mama kama kuna mgeni anayekuja mchana. Akasema, "Nani atoke kwake na baridi hii?" Kisha akageukia habari za nepi. Nikaona anamficha huyo mwanamke ili kuiokoa ndoa yangu.

Rafiki yangu wa kazini, Mtanzania, nilimsikilizisha. Akanirudishia simu polepole.

"Dada, huyo si mgeni," akasema. "Huyo ameshaizoea nyumba yako."

Mama nilimtoa kwenye hesabu tangu mwanzo. Mila ilikuwa imeshamtoa. Tena tangu tumzike baba sijamsikia akicheka kwa sauti, nami nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Mtoto gani anasahau hilo?

Jumapili, tumerudi kutoka kanisani, mama alikuwa sebuleni na mtoto. Nilimngoja mume wangu apande mpaka katikati ya ngazi, nikapandisha sauti ya simu, nikalicheza lile agizo lenye kicheko. Nikasema namtaka huyo malaya anayechekea nyumbani kwangu mimi nikiwa nawaosha wazee wa watu.

Mume wangu akageukia ukuta. Mama akavuta leso, akajifunika uso wote.

"Ni mimi," akasema. "Hiyo mashine yenu haisikii Kiswahili. Mkwe wangu ndiye alikuwa ananisemea, kutoka huko kwenye ngazi."

Niliyasikia mengine baadaye, kwa vipande. Mume wangu alikuwa ameamka mchana mmoja, akagundua mama anashinda na mtoto mbele ya kioo cheusi cha televisheni. Akaketi ngazi ya juu, mahali wasipoonana. Mama akataja anachotaka, yeye akakipigia kispika kelele kwa Kiingereza. Ikawa desturi. Alikunywa chai yake pale pale, mgongo ukutani, wakabishana kuhusu bi harusi ambaye mama alimtazama na yeye alimsikia tu. Hakuivunja heshima hata kidogo. Mimi ndiye niliyeivunja, mbele yao wote wawili.

Kwetu, neno kama lile likishatamkwa kati ya watu hao, hata salamu hukatika.

Jioni ile ile binamu yangu wa Bladensburg alikuja kumchukua mama. Mama alirudi Bungoma kabla mtoto hajaota jino. Simu zangu hapokei. Mtoto sasa analelewa na mama mmoja wa jirani tusiyemfahamu vizuri. Mume wangu huzungumza nami habari za mtoto na za taka, basi.

Wewe unayesoma na una apu kama yangu, nakuomba: ukisikia jambo, nenda kaulize kwa mdomo, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Mimi nilisikiliza wiki nzima na sikuuliza swali moja la kweli. Nilichokuwa nacho kilikuwa sauti tu. Maana yake niliijaza mwenyewe!

Niliapa nitaifuta apu ile. Sijaifuta.

Juzi alasiri kuna agizo jipya. Ni mume wangu, anataka sinema ile ile ya harusi. Mama yuko Bungoma, ambako saa hizo ni usiku. Mwishoni, kabla sauti haijakatika, kuna mwanamke anacheka, kwa mbali, kama anayesikika kutoka kwenye simu.

Nimekirudia kicheko hicho mpaka masikio yanauma. Bado siwezi kuapa kwamba ni cha mama, na sijamuuliza mtu.