Hasi Moja Iliyonitoroka

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipokuwa kidato cha tatu, nikijiona hakuna wa kunishinda hesabu Kigoma nzima. Mdomo nilikuwa nao, nacheka nikikumbuka. Mwalimu alikuwa akitafuta mmoja wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya shule, nami moyoni nilikwisha kujichagua. Akaandika ubaoni:

(x + 3)/(x − 2) ÷ (x − 5)/(x + 1)

Akauliza, x isiwe namba zipi, tusije tukagawanya kwa sifuri? Haraka haraka nikaipindua sehemu ya pili, kugawanya kukawa kuzidisha, nikatazama chini: x − 2 na x − 5. "Mbili na tano!" nikatangaza, hata sijaitwa.

"Kuna moja imekutoroka," Mwalimu akasema. "Kesho asubuhi nataka jibu kamili. La sivyo, nafasi nampa mwingine."

Darasa likacheka. Niliumia, sikufichi.

Jioni nikaenda Kibirizi, kwenye soko la samaki ufukweni, kumsaidia bibi yangu kuanika dagaa. Nikawageuza kwa hasira, ndipo nikaanza kuokota waliooza. Bibi akanishika mkono.

"Mwana wanje," akaniita kwa Kiha, yaani mwanangu, "waliooza wa juu umewageuza bila kuwaokota. Sasa wamelala chini, utawaonaje? Okota kwanza, geuza, halafu okota tena."

Nilipiga kelele mpaka wachuuzi wakageuka! Ile x + 1 ilikuwa chini kabla sijapindua. Nilipopindua ikapanda juu, nami sikuitazama tena. Kumbe x ikiwa hasi moja, sehemu ya pili ina sifuri chini tangu mwanzo, hakuna hata cha kupindua.

Asubuhi nikaandika ubaoni: mbili, hasi moja, tano. Mwalimu akaniachia chaki, nikawaeleza wenzangu kwa dagaa wa bibi. Walionicheka ndio waliotangulia kupiga makofi. Mashindanoni nilikwenda mimi, nikarudi na kikombe, na bibi akakinywea uji!

Basi nawe ukipewa kugawanya, usikimbilie kupindua. Tazama chini kwa sehemu zote mbili, andika namba zilizokatazwa. Pindua. Tazama chini tena, uongeze iliyojitokeza. Na hata nje ya daftari, kabla hujageuza jambo lolote, likague kwanza lilivyo.

Mungu akupe mikono myepesi na macho yasiyo na pupa, mwanangu. Na siku utakayosimama mbele ya ubao, anijalie niwe hai, nikupigie makofi mimi wa kwanza.