Maneno Niliyoyakata Sangailu

Wiki iliyopita mwanangu alinitumia habari kwenye simu: Waingereza wameongeza maneno mapya katika kamusi yao, na safari hii yamo mengine ya Kenya, ya vyakula na ya mitaani. Akaweka na vikatuni vya kucheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kitako barazani kwangu hapa mtaani Waberi, chai ikapoa, nikimkumbuka msichana mmoja wa darasa la saba.

Nilitoka bara kwenda kufundisha Kiingereza upande wa Sangailu nikiwa kijana mwenye shati la kupigwa pasi na kamusi moja nene. Maringo niliyokuwa nayo, we acha tu! Sheria yangu ilikuwa moja: neno lisilokuwemo kwenye kamusi ile halikuwa neno. Nililikata kwa wino mwekundu na aliyeliandika akapunguziwa alama. Watoto walipanga foleni mbele ya meza yangu na insha zao, nami nikipekua kurasa kama hakimu. Lakini jamani, naipenda bado miaka ile. Maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi waliyoniletea kina mama, vumbi la asubuhi, darasa zima likinisomea kwa sauti moja. Ningeambiwa nirudi, ningerudi leo hii.

Msichana yule aliandika insha kuhusu kuhama wakati wa ukame. Ukurasa mzima ulihusu nyumba yao ya fito na mikeka, ambayo Wasomali huiita aqal, na jinsi mama yake alivyoibomoa na kuipakia juu ya ngamia kabla jua halijapanda. Kila ufito aliutaja kwa jina lake la Kisomali, kila mkeka, kila kamba. Nilitafuta, sikupata hata jina moja. Nikayakata yote, nikaandika juu yake Kiingereza cha nyumba, mti na kamba, basi.

"Mwalimu, nyumba ngamia habebi," aliniambia. "Hii yetu hooyo anafungua, anabanga juu ya ngamia." Hooyo ni mama, na kupanga alikuita kubanga.

"Kamusi haiijui," nikamjibu, na darasa likaangua kicheko.

Hakubishana tena. Insha zake zilizofuata zilikuwa za treni na theluji, vitu ambavyo hakuwahi kuviona, na hazikuwa na kosa hata moja. Nilimpa alama za juu na kumsifu mbele ya wenzake. Naona aibu hata kuliandika hili.

Siku hizi msichana yule ni muuguzi hapa mjini, mama wa watoto wakubwa. Juzi nilimfuata kazini, nikamwonyesha ile habari na kumwomba msamaha. Alisoma orodha polepole mpaka mwisho.

"Ya ngamia iko?" akauliza.

"Hakuna."

Akacheka, akasema alishanisamehe zamani, nisijisumbue. Nikapata ujasiri. Nikamwomba aiandike upya insha ile, na majina yake yote, nami nitayanakili vizuri niyahifadhi.

Kicheko kikamwisha. Aliniambia mama yake alifariki mwaka jana, na kwamba yeye na dada zake wote wanakaa nyumba za mabati.

"Hio majina sisi tulisahau," akasema. "Ile siku ya insha, hooyo alikaa chini na mimi. Anataja moja moja, mimi naandika. Hakuna siku ingine alitaja."

Halafu akanishika mkono, uso wake ukachangamka ghafla kama wa mtoto.

"Ile karatasi, mwalimu. Uliweka?"

Nilimwambia ukweli, kwamba daftari zote za muhula ule niliwashia jiko.