Ng'ombe wa Magunia

Asubuhi ya siku ya mwisho ya maonyesho ya kilimo mjini Kisii nilikuwa nimekaa ndani ya tumbo la ng'ombe, magoti yakigusa kidevu, nikimsubiri dada yangu mdogo aje kuniumbua. Nilijua atakuja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha jinsi ya kufanya.

Ng'ombe alikuwa wa mjomba wangu, kaka yake mama, fundi wa viti pale Nyakoe. Alimtengeneza miaka ya mwanzo ya Uhuru, kwa fito za mianzi na magunia ya kahawa yaliyoshonwa kwa katani, akampa pembe za kweli za fahali. Taya la chini lilikuwa la mti, na kamba yake iliingia ndani. Ukiivuta, ng'ombe anatafuna. Chama cha wafugaji kilimpa mjomba kibanda kila mwaka, kwa sababu mtoto akimfuata ng'ombe, baba na mama humfuata mtoto, na hapo ndipo wanapoonyeshwa madume bora na dawa za kupe.

Kila mtoto aliruhusiwa swali moja. Lakini hawakupanga foleni kwa ajili ya majibu. Walikuja kwa sababu ng'ombe aliwajua. Mtoto alisimama mbele yake, hajafungua kinywa, akasikia: "Wewe wa Ikonge, mjukuu wa yule mzee mfuga nyuki. Bibi yako bado anakohoa?" Watoto walirudi nyumbani wamenyamaza kabisa, na mwaka uliofuata walileta wadogo zao.

Hakuna aliyejua kwamba aliyekuwa ndani ni mjomba. Kwetu sisi, siku za maonyesho mjomba alikuwa amekwenda kutafuta mbao.

Nilipokuwa na miaka kumi nilikesha nikifikiria ng'ombe anawajuaje watoto wote hao. Mtu anaweza kujua jina la mtoto mmoja, si la mia. Kwa hiyo mtu fulani alikuwa anamwambia. Nani? Mlangoni alisimama mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye baadaye nilitambua kuwa ni jamaa ya mke wa mjomba. Kazi yake ilikuwa kusalimia tu. Na kwetu Gusii salamu haiishii kwenye salamu. Ukikutana na mtu mzima atakuuliza umeamkaje, wewe ni mtoto wa nani, mnatoka upande gani, bibi hajambo, ng'ombe wenu wamezaa? Unajibu yote bila kufikiri, kama unavyopumua. Nani angedhani ametoa habari? Ameitikia salamu tu. Na kati ya mlango na sikio la ng'ombe palikuwa na gunia moja.

Basi nikamdanganya yule mama. Nilimwambia natoka Nyacheki, baba yangu ni mwalimu, bibi yangu amevunjika mkono. Nikaingia. Ng'ombe akasema kwa sauti nzito, "Wewe mtoto wa mwalimu wa Nyacheki, mkono wa bibi unaendeleaje?"

Nilicheka. Nikageuka nikawaambia wote waliokuwa nyuma yangu kwamba anasikiliza salamu, kwamba ni mtu, na nikainua gunia la ubavuni. Tukaona magoti mawili ndani ya kaptura ya kaki, na kiraka nilichokijua, kwa maana mama ndiye aliyekishona.

Wakubwa walicheka pamoja nami. Wadogo walilia, mmoja akakimbia akapotea kwenye umati, na ilibidi atafutwe. Kibanda kilikaa kitupu hadi jioni. Mjomba hakunipiga. Usiku ule alinimiminia maziwa kwenye kikombe chake mwenyewe na kusema, "Umeshaingia ndani. Sasa wewe si mgeni." Sikuelewa, nikadhani amenisifu.

Desemba ya mwaka huohuo nilitahiriwa. Katika nyumba tuliyokaa wavulana peke yetu tulionyeshwa mambo ambayo sitayaandika hapa, na tulipotoka tuliwakuta wadogo zetu wakiviogopa vitu vilevile tulivyoviogopa sisi mwezi mmoja tu uliopita. Hakuna aliyewaambia. Hata mimi sikusema. Kwa nini niliweza kuyalinda hayo na nisiweze kumlinda ng'ombe wa mjomba?

Miaka kumi na mmoja ikapita. Watoto wa Kisii walisahau, au walizaliwa wengine, na ng'ombe akapata tena heshima yake. Mimi nilikuwa chuo kikuu Nairobi, na kila likizo nilirudi nimejaa maswali. Nilimuuliza mchungaji, nilimuuliza chifu, nilimuuliza baba kwa nini tunachuma majani ya chai tusiyojua yanakwenda kunywewa wapi. Aliyenisikiliza alikuwa dada yangu tu, mtoto wa miaka tisa, ambaye mwaka ule alihamia kwa mjomba Nyakoe ili awe karibu na shule nzuri. Nilimwambia asiamini kitu asichoweza kukijaribu. Nilimsimulia kisa cha Nyacheki, labda mara kumi. Jambo moja tu sikumtajia, kwamba aliyekuwa ndani alikuwa mjomba.

Juni ile mjomba alianza kushindwa kumeza. Ugali ulimkwama, kisha uji, na sauti yake ikapungua hadi ikawa kama karatasi inayosuguliwa. Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mgeni asiyejua ila Kiingereza, basi mimi nikawa mkalimani. Alizungumza polepole na kwa huruma. Alisema uvimbe uliomo kooni umeenea, haukatiki, na kufika Krismasi itakuwa bahati.

"Anasema nini?" mjomba aliuliza.

"Anasema dawa itachukua muda."

Daktari alitutazama wote wawili. Nadhani alihisi kwamba maneno yake yalikuwa marefu kuliko yangu.

Mama peke yake nilimwambia, naye akasema ninyamaze, mgonjwa asikatwe moyo. Dada yangu hakunyamaza.

"Kaka, daktari alisema nini?"

"Muulize mama."

"Mama amesema nikuulize wewe."

"Basi soma vitabu vyako."

"Wewe si ndiye ulisema niulize kila kitu?"

Nilitoka nje nikajifanya natafuta jembe.

Wiki moja kabla ya maonyesho mjomba aliniita karakanani. Alikuwa amelaza vidole kwenye kimoja cha viti alivyoagizwa na kanisa, ambacho hakuwa na nguvu ya kukimaliza. "Bwana Digrii," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "mwaka huu utaingia wewe."

Nilimwambia siamini mambo ya kudanganya watoto.

"Nani anakuuliza kama unaamini? Nakuuliza kama unaenea." Akacheka, na kicheko kikamuumiza. "Na mimi nitakaa nje, kwenye stuli, mbele ya watu. Wako wanaonishuku siku nyingi. Wataniona nimekaa, na ng'ombe anazungumza. Ugonjwa huu nao ufanye kazi."

Akanifundisha sauti, na jinsi ya kusikiliza salamu. Kisha akanishikisha kamba ya taya. "Ng'ombe hadanganyi mtoto. Akiulizwa asichokijua, anatafuna. Na akiulizwa anachokijua lakini hakisemeki, anatafuna vilevile. Usibuni jibu. Watoto watalikumbuka."

Ndivyo nilivyojikuta ndani ya magunia. Vumbi la kahawa lilinipigisha chafya, na sikuona kitu ila kupitia tundu chini ya shingo ya ng'ombe, lililonionyesha miguu ya watu. Kulia ilikuwepo miguu ya stuli, na kando yake viatu vya mjomba, vilivyokuwa vimekuwa vikubwa kwake. Mke wa mjomba ndiye aliyesimamia salamu siku hizo.

Jana yake jioni nilimsikia dada yangu jikoni akinong'ona na msichana wa darasa lao, binti wa karani mmoja wa mjini, watu wa upande wa ziwa. Nilisikia neno Nyacheki. Sikuhitaji kusikia zaidi. Mke wa mjomba alimjua dada yangu, asingeweza kudanganywa naye, lakini yule binti hakuwahi kumwona, kwa maana binti alikuja hapo jikoni wakati mke wa mjomba yuko kisimani.

Nilifikiria kumwambia mjomba. Ningemwambia nini? Kwamba nimemlea mwingine kama mimi?

Ilikuwa kama saa nne. Foleni ilikuwa ndefu na wengi walikuwa wadogo, niliviona vidole vyao vya miguu vikikunjana kwa woga. Nikasikia salamu mlangoni.

"Wewe ni mtoto wa nani, mama?"

"Wa mwalimu wa Nyacheki," sauti ikajibu haraka, kwa Ekegusii safi ya mtoto aliyekulia mjini. "Na bibi amevunjika mkono."

Viatu vyeusi vilivyong'arishwa na soksi nyeupe vikasimama mbele ya tundu langu. Nyuma yake, hatua mbili, miguu mitupu ya dada yangu, kidole gumba kimefungwa kitambaa nilichomfunga mwenyewe.

Ningemwita mtoto wa mwalimu, magunia yangeinuliwa na mjomba angeona, kwa mara ya pili na ya mwisho, watoto wakimcheka ng'ombe wake.

"Nyacheki ni mbali," nilisema kwa sauti ya ng'ombe. "Ungetembea kutoka huko na viatu hivyo, visingeng'aa. Baba yako anaandika kwenye meza, si ubaoni. Na mkono wa bibi yako hauna neno. Rudi, mwambie aliyekutuma aje mwenyewe."

Kisha foleni nzima ikavuta pumzi. Viatu vyeusi vikarudi nyuma, kimoja kikakanyaga kingine. Mtoto fulani akamwambia, "Wee, umekwisha leo," na wengine wakacheka, lakini kicheko cha kumcheka yeye, si ng'ombe. Nilifurahi mno, nami niliona aibu kwa furaha hiyo. Nilikuwa nimetumia akili yangu yote kumfanya dada yangu aamini uongo.

Kidole chenye kitambaa kikaja mbele.

"Ng'ombe," akasema. Sauti yake haikuwa ya mchezo. "Mjomba wangu atapona?"

Viatu vya mjomba kando ya stuli havikusogea. Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa.

Maneno yalinijia, na yote yalikuwa tayari. Atapona. Dawa inachukua muda. Nilikwisha kuyasema mara moja, kwa sauti yangu mwenyewe, tena bila kufichwa na gunia. Nikaikamata kamba nikavuta. Taya likashuka, likapanda, mti juu ya mti. Likashuka tena.

"Nimeuliza," akasema dada yangu.

Nikavuta. Ndipo nikatambua nilichokuwa nafanya. Yule aliyenifundisha maana ya kutafuna alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwangu, na alijua ni nani aliyekuwa chumbani kwa daktari. Kwa dada yangu huenda ng'ombe alikuwa hajui. Mjomba alijua kwamba ng'ombe huyu anajua. Ningeweza kuacha kuvuta na kusema neno moja zuri. Sikuacha, wala sikusema.

Viatu vikavutwa nyuma kidogo, chini ya stuli. Ile sauti ya karatasi ikasema, "Basi, mama. Amekwisha kukujibu. Mpishe mwenzako." Na kwa mtoto aliyefuata: "Njoo, usiogope. Uliza lako."

Huyo aliuliza kama mwalimu wa hesabu atamchapa. Nilimjibu. Niliwajibu hadi saa tisa alasiri, na sikumbuki hata jibu moja.

Jioni tulimfungua ng'ombe nyuma ya kibanda. Mjomba alisimama akijishikilia kwa nguzo.

"Umetafuna sana, Bwana Digrii."

"Nisamehe, mjomba."

"Daktari alisema itakuwa lini?"

"Kufika Krismasi ni bahati."

Aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayepewa kipimo. Akatazama watu waliokuwa wakibomoa vibanda. "Basi viti vya kanisa nitavimaliza. Kile kikubwa cha mchungaji sitakianza." Kisha akaishika kamba ya taya, akaipitisha kati ya vidole. "Imelika hapa. Ibadilishe kabla ya mwaka ujao."

Dada yangu alibeba pembe moja, mimi nyingine, tukawa nyuma ya mjomba na mkewe. Nilimuuliza kama amemwamini ng'ombe.

"Ulipiga chafya mara mbili kabla sijafika," akasema. "Nilijua ni wewe."

"Tangu mwanzo? Basi kwa nini hukuinua gunia?"

"Wadogo walikuwa wengi." Akahamisha pembe kwenye bega jingine. "Na nyumbani ulikuwa unakataa kunijibu."

Mjomba alimaliza viti vya kanisa. Tulimzika Novemba, mvua ikinyesha.

Mwaka uliofuata mke wa mjomba alisema hawezi kusimama pale mlangoni. Dada yangu akasimama, miaka kumi, kitambaa kichwani kama mtu mzima. Nilikuwa ndani, na kamba mpya ilikuwa bado ngumu. Kabla ya saa sita nilimsikia akimuuliza mtu umeamkaje, mnatoka upande gani, bibi hajambo. Sauti ya mvulana ikajibu haraka mno kwamba anatoka mbali, na majibu mengine yote yalikuwa yamepangwa tayari.

"Karibu," dada yangu akamwambia kwa upole, kisha akagonga nguzo mara mbili kwa ukucha, nijue huyu anadanganya.