Vigelegele vya Msichana

Mimi nina sauti. Sijisifu, ni ugonjwa wa ukoo. Kwetu Giakanja, harusi ilikuwa haianzi kabla mama yangu hajafika, na nilipoolewa huku Mweiga nilikuja na sauti hiyo pamoja na mabegi yangu. Nikipiga vigelegele, ngemi tunavyoviita sisi, watu wanaochimba viazi ng'ambo ya bonde husimama na majembe yao wakiulizana ni nani ameoa. Kwa hivyo binti yangu alipoitwa gredi ya kumi katika shule moja ya umma karibu na mji wa Nyeri, upande wa sanaa, wengine walishangaa lakini mimi sikushangaa hata kidogo.

"Ati anaenda kusomea kucheza?" aliniuliza mwenzangu mmoja wa chama. "Wangu amechukua sayansi."

"Vizuri," nikamwambia. "Ukizeeka atakupima presha. Wangu atakuchekesha, tuone ni gani itakuponya haraka."

Mume wangu ni fundi wa mawe na maneno yake huyapima kama anavyopima ukuta. Alisema tu, "Kama anapenda, aende." Basi akaenda, na sanduku, na godoro, na njuga za miguuni alizofungasha ndani ya soksi za shule.

Shule yenyewe niliipenda siku ya kwanza. Nimezoea shule ambazo ukiingia unasikia kimya na mwalimu mmoja akigomba. Hapa, kutoka langoni, ilikuwa ngoma upande huu, kinanda upande ule, na chini ya miti vijana wawili wakitukanana vibaya sana. Nilikimbia kuwaachanisha. Mmoja akaniambia kwa adabu zote, "Samahani mama, tuko kwa mazoezi." Nkt! Nilirudi nyuma nikijifanya nilikuwa natafuta choo.

Taabu ilianza mwisho wa muhula wa kwanza, wazazi tulipoitwa kuona watoto wamejifunza nini. Binti yangu alipewa shairi lake peke yake. Alisimama katikati ya jukwaa, akavuta pumzi, akatoa beti mbili za kwanza vizuri mno, mpaka mzazi aliyekaa kando yangu akanigusa bega akauliza, "Huyu ni wa nani?" Sasa niambieni, mtu akiulizwa hivyo afanye nini? Nilisimama nikapiga vigelegele.

Mtoto alinitazama kama ng'ombe aliyemulikwa na taa za lori. Mdomo ulibaki wazi na hakuna neno lililotoka. Wanafunzi wenzake wakaanza kucheka, si kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Akageuka akatoka jukwaani shairi likiwa nusu.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, amekaa juu ya ngoma iliyolazwa, analia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nimeuleta.

"Mami, nilikuwa nayo yote kwa kichwa," akasema. "Umeifukuza."

"Pole, mama. Nilifurahi tu."

"Muhula wa pili kuna mchezo mkubwa. Ukikuja, unyamaze. Na nikiganda tena mbele ya watu, naenda kwa mwalimu mkuu naomba nihamishwe sayansi. Siwezi kuaibika mara mbili."

Nilimjua, hakuwa anatishia. Sayansi haina ubaya wowote. Lakini huyu ni mtoto ambaye akiwa na miaka minne aliweza kutembea kama mchukuaji maziwa, akakohoa kama mchungaji wetu, akanigombeza kwa sauti yangu mwenyewe mpaka baba yake akajibu kutoka chumbani akidhani ni mimi. Kumwona akiacha kitu hicho kwa sababu ya koo langu, hapana. Nilimwapia kwamba nitanyamaza hata jukwaa likishika moto.

Mchezo wa muhula wa pili ulihusu mtoto kuzaliwa. Mwalimu wao wa maigizo, dada mmoja mchanga asiye wa huku kwetu, aliwatuma wanafunzi wote wakaulize nyumbani watoto walikuwa wakipokewa namna gani zamani. Binti yangu alimpigia simu mama mkwe wangu, shosho wake, anayeishi nasi katika boma moja. Yeye ndiye wajina wake, kwa maana kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba.

Shosho aliongea mpaka simu ikaisha moto. Akaeleza kwamba wanaume walikuwa wakingoja nje ya nyumba, na mkunga hakutoka kutangaza kwa maneno. Alipiga vigelegele, nao walio nje wakahesabu. Vitano, ni mvulana. Vitatu, ni msichana. Mwalimu akapenda sana, akaliweka hilo katikati ya mchezo, na binti yangu akapewa kuwa mkunga. Shosho tangu siku hiyo akawa anaambia watu kanisani kwamba kuna mchezo ameandika.

Mimi hesabu hiyo naijua vizuri. Nilipotoka hospitali na huyu binti, mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alitupokea langoni akiwa na uji kwenye kibuyu. Akapiga moja, mbili, tatu, akafunga mdomo. Nilikuwa nimemkumbatia mtoto kwenye blanketi, na ingawa nilijua mila, masikio yangu yalingoja. Niliumia, siwezi kudanganya. Miaka mitatu baadaye ndugu yake wa kiume alipozaliwa alipata vitano, na nusura apate cha sita.

Basi, msichana akaja nyumbani mapumziko ya katikati ya muhula na shida mpya. Hakuwa anaweza kupiga vigelegele. Shairi anaweza, kulia anaweza, kucheza kama ana mifupa ya mpira anaweza, lakini hicho hapana. Wenzake walitaka watumie sauti ya kwenye simu, mwalimu akakataa akasema vigelegele vya simu ni chai ya juzi. Alimpa mpaka wiki ya mwisho ya mazoezi, la sivyo msichana mwingine angechukua nafasi hiyo.

Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye, kwa sababu mimi hakuniambia. Nilimsikia tu nyuma ya zizi akijaribu, anatoa sauti ya kuku aliyebebwa na mwewe. Nilikaa jikoni nikimenya viazi, nimeuma ulimi. Niliambiwa ninyamaze na nilikuwa nanyamaza! Siku ya pili akaja akasimama mlangoni.

"Mami, hii kitu unafanyaje?"

Nilitupa kisu. Nikamwonyesha ulimi unavyocheza, nikamwonyesha pumzi inatoka chini ya mbavu na si kooni. Akajaribu, akakwaruza. Akajaribu tena. Mbwa akaondoka akaenda kwa jirani.

"Unaogopa," nikamwambia. "Unapiga kama mtu anayeomba ruhusa."

"Si ni kweli naogopa?"

Nikaokota kisu nikarudi kwa viazi vyangu.

Alasiri hiyohiyo ng'ombe wetu akaanza kuzaa. Alikuwa amechelewa na mume wangu alikuwa kazini Nyeri, kwa hivyo tulikuwa wawili tu zizini, mimi nikivuta miguu ya ndama na binti yangu akimshika ng'ombe kichwa na kumwimbia. Ilikuwa kazi. Ndama alipoanguka kwenye majani makavu, binti yangu alikimbia nyuma, akainama, akaangalia.

"Ghai! Mami, ni jike!"

Kisha ikatoka. Sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote hizo. Kali, safi, inapanda na kushuka, na ng'ambo ya bonde nikaona watu wamesimama na majembe yao. Alipiga hadi tano bila kukwama, halafu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili akinitazama. Nilimrukia nikamkumbatia na madoa yangu ya damu.

Shosho alitoka nyumbani kwake na mwiko mkononi.

"Tano? Ni nani amezaa kijana?"

"Ni ng'ombe, shosho. Amezaa jike."

"Na ng'ombe anapigiwa tano?"

"Si jike ndio furaha? Si ndio maziwa?"

"Hiyo ni kweli," shosho akakubali. Ndama dume kwetu ni wa kuuzwa mapema, kila mtu anajua.

Binti yangu alikuwa anamfuta ndama kwa gunia. Akauliza bila kuinua kichwa, na bila ubaya wowote, "Na mimi nilipigiwa ngapi?"

Shosho akamtazama, akanitazama mimi. Mimi nikaangalia ng'ombe.

"Tatu," akasema. "Mila ni mila." Akarudi kwenye sufuria yake, na usiku huo hakutuletea hadithi kama kawaida yake.

Siku ya mchezo tulifika mapema, mimi na shosho. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa na sweta jipya. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Mwalimu akapanda jukwaani akaomba tuzime simu na tusipige kelele hadi mwisho, na ninaapa alikuwa ananitazama mimi. Nilikunja leso nikaishika tayari mdomoni.

"Mama," nikamnong'oneza mama mkwe, "hapa leo tunanyamaza. Huyu mtoto akishtuliwa tena, anaacha hii kitu kabisa."

"Kwani mimi ni mtoto?" akasema.

Mchezo ulikuwa mzuri. Vijana watatu walikaa nje ya nyumba ya mbao na karatasi, wakiwa wazee, wakibishana kuhusu mbuzi. Binti yangu alikuwa akitoka na kuingia, mgongo umepinda, anawafukuza na kuitisha maji. Alitembea kama shosho, kila hatua. Niliona shosho amejitambua, amekaa wima.

Halafu kukawa kimya. Wazee wakanyoosha vidole wakingoja. Binti yangu akatokea mlangoni na mtoto wa kitambaa mikononi, akainua kichwa, akapiga. Moja. Mbili. Tatu. Zilikuwa zile za zizini, safi kabisa, na machozi yakaanza kunitoka papo hapo. Wazee wakahesabu vidole vyao, wakakunja. "Msichana," mmoja akasema, na kama walivyofundishwa wakainuka taratibu waende zao, wakimwacha mkunga amesimama peke yake na mtoto. Hapo palikuwa na kimya kirefu, kilichopangwa.

Ndani ya kimya hicho mama mkwe wangu akasimama. Alishika kiti cha mbele yake, akapiga ya nne.

Nilimkamata sweta. "Mama, kaa chini, tafadhali!" Mkono wake ukauondoa wangu. Akapiga ya tano, yenye mtetemo wa uzee, imekwaruzika, lakini akaifikisha mwisho wake. Kisha akakaa, akaweka mikono mapajani.

Ukumbi wote ukageuka kututazama. Nyuma mtu akacheka. Mimi nilimwangalia mtoto wangu tu. Alikuwa ameganda. Mdomo ulikuwa wazi vilevile kama ile siku, macho yakimtazama shosho, na mikono imemkaza yule mtoto wa kitambaa. Nilisema moyoni, Mungu, mrudishie maneno, nisaidie, mrudishie hata moja.

Akafunga mdomo. Akainua kiganja juu ya macho kama mtu anayeangalia ng'ambo ya ua, akatutazama sisi sote, akawageukia wale wazee waliokuwa wanaondoka.

"Nyinyi mnaenda wapi?" akafoka kwa sauti ya kizee. "Hamjasikia jirani amemalizia? Rudini mkae. Na mmoja wenu amfungulie mlango, huyo mama anajua kuhesabu!"

Watu walipiga makofi mpaka viti vikasogea. Wale vijana hawakuwa wamepewa maneno hayo na mtu yeyote. Walitazamana, mmoja akarudi akakaa, kisha wengine wakarudi, na mchezo ukaendelea kutoka hapo kwa njia ambayo mwalimu hakuwa ameiandika. Nilimwona amesimama pembeni ya pazia, ameziba mdomo, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mchezo ulipokwisha, binti yangu alitujia uwanjani akikimbia, unga wa mvi bado uko kichwani. Alisimama mbele ya shosho.

"Shosho, hizo mbili zilikuwa za mchezo?"

"Mchezo gani?" shosho akasema. "Zilikuwa zako. Zimekaa hapa kwa koo tangu siku ya ng'ombe, hata chai ilikuwa haipiti vizuri." Akamshika uso kwa mikono yote miwili. "Sasa tumemalizana, wajina."

Wakabaki hivyo, na mimi nikabaki na leso yangu iliyolowa. Neno sayansi halikutajwa na mtu, wala halijatajwa tena nyumbani kwetu. Kisha binti yangu akanigeukia, amekunja uso.

"Na wewe, mami? Watu wote wamepiga kelele. Mbona ulinyamaza?"

Haiya! Mtoto huyu! Nilimwekea shosho leso mkononi, nikapanua miguu, nikavuta pumzi kutoka chini ya mbavu, nikampigia zote tano pale uwanjani. Wapishi wa shule wakatoka jikoni kuangalia ni nani amejifungua.