Mkono Ulioshika Kamba ya Radi

Asubuhi niliyoanza kazi ya kuwakimbiza farasi wa utafiti tulikuwa watano: Daktari wa mifugo kutoka chuo kikuu, msaidizi wake mwenye kamera, Meneja wa zizi, Okech mtunzaji mkuu wa farasi, na mimi. Wa sita alikuwa Radi mwenyewe, farasi wa kuruka viunzi. Binti wa mwenye zizi alikuwa ampande mashindanoni Jumamosi.

Zizi lilikuwa nje ya Kisumu, kando ya mashamba ya miwa. Niliacha shule darasa la saba wazazi wetu walipofariki, na kule mtaani Kaloleni, mjini, wadogo zangu watatu walinitegemea. Kwa hiyo kila mtu nilimtazama nikijiuliza kama ndiye atakayenifukuza.

Daktari alimfunga Radi vifaa vya kupima mwendo, vidogo kama viberiti, kimoja utosini na kingine juu ya kiuno. Alinieleza kwamba farasi anayeumia mguu wa mbele huinua kichwa mguu huo unapokanyaga, na hukishusha mguu mzima unapotua. Mimi nilishuku anatafuta makosa yetu watunzaji.

"Usiogope," Okech alicheka. "Anataka tu kujua nani anakimbia vibaya, farasi au wewe."

Lakini alfajiri nilikuwa nimemwona Meneja akiuzamisha mguu wa kushoto wa Radi katika ndoo ya barafu. Mguu mzima huwekewa barafu ya nini? Tulipofika kwenye njia ya kupimia akanisogelea. "Kijana, shika kamba fupi, karibu kabisa na kidevu. Huyu ni mkali."

Radi hakuwa mkali. Nilipomkimbiza nilihisi kichwa kikitaka kupanda, na mkono wangu ukikizuia. Hapo nikaelewa kamba fupi ilikuwa ya kazi gani. Nikamfikiria yule binti juu ya viunzi. Nikafikiria na unga wa nyumbani.

Okech alikuwa akitutazama. "Lete hiyo kamba hapa, omera, ndugu yangu."

"Mwache kijana!" Meneja alisema.

"Kijana amechoka, Bwana. Hata farasi anamwonea huruma." Kisha akaninong'oneza, "Mimi nina tumbo moja la kulisha. Wewe je?"

Akaiachia kamba ining'inie, akakimbia. Kichwa cha Radi kikapanda na kushuka, hata mimi nikaona.

"Rudia," Daktari alisema. Walipomaliza, akafungua vile vifaa. "Mguu wa kushoto wa mbele. Huyu haruki Jumamosi."

Kabla ya chakula cha mchana Okech alikuwa nje ya lango na nguo zake ndani ya gunia. Mimi nilibakizwa, kwa kuwa machoni pa Meneja nilikuwa nimetii.

Baadaye Daktari alinichukua, nikafanya kazi Nanyuki na Nairobi chini ya watafiti wakuu mbalimbali. Vijana mnaopima mwendo kwa simu siku hizi, nawaambia hivi: mashine hupima inachopewa. Kabla ya kumtazama farasi, tazameni mkono ulioshika kamba.

Nilipostaafu nilimtafuta Okech, nikamkuta Usenge, ufukweni mwa ziwa, akianika omena, dagaa wa wavuvi, kwa ujira. Meneja alikuwa amemtangaza kuwa mkorofi, na hakuna zizi lililomchukua tena.

"Wale wadogo zako walisoma?" aliniuliza.

"Wote, mzee."

"Basi," akasema, akarudi kazini.

Wadogo zangu hawajawahi kumwona. Deni letu liko pale ufukweni, linageuza omena za watu juani.