Baba Kwenye Mafuta, Mimi Kwenye Usukani

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na Mpanda ya miaka ya tisini ukisema dereva ujue umemtaja mtu mzito. Alipakia tumbaku Katumba akaishusha stesheni. Alipakia mahindi. Alipakia dagaa wa Karema mpaka tukawa tunajua amerudi kabla hajabisha hodi, kwa harufu tu. Na ile njia ya milima ya Mwese, ambayo wenzake waliikwepa kwa visingizio vya kila aina, yeye aliipanda akipiga mluzi. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini, lakini nyumbani tulisema "lori letu" bila aibu yoyote.

Halafu asubuhi moja, anainama avae viatu, kiharusi kikampata. Mungu alisaidia, hakufa. Maneno yakarudi, mguu ukarudi, ila mkono wa kushoto ukagoma. Kushika ulishika, kuachia ndiyo ikawa kazi. Akishika kikombe ilibidi avibandue vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, huku anavitukana matusi ambayo sitayaandika hapa.

Sasa fikiria mwenyewe. Magari yetu dereva anakaa kulia, na gia iko kushoto kwake. Mkono usioachia utabadilishaje gia kwenye mteremko wa Mwese, tena watu wamekaa juu ya magunia huko nyuma? Swali hilo kila mtu nyumbani alikuwa nalo, na hakuna aliyethubutu kulitoa mdomoni. Tajiri alimpa lori kijana mmoja kwa muda, akamwambia baba, "Mzee, wewe pumzika, msimu wa tumbaku ukianza nitakuja tuzungumze." Baba akaelewa kwamba msimu ukianza anarudi kazini. Ovaroli lake likafuliwa, likapigwa pasi, likatundikwa nyuma ya mlango. Mama akawa anasali rozari kila jioni, na sisi wengine tukawa hodari wa kuangalia chini.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi Dar es Salaam. Aliposikia habari alipanda treni, akatufikia amechoka hoi, ana mfuko wa dawa na boksi lililofungwa kwa kitenge. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Mama aliiangalia, akamwangalia na mwanaye. "Baba yako mgonjwa, wewe unatuletea midoli?" Kaka akajitetea kwamba nesi mmoja huko mjini alimwambia vidole vya namna ile vinataka kazi ndogondogo, na ile pedi ya kuchezea ina vitufe vingi. Mimi nadhani aliitaka mwenyewe kwa ajili ya likizo. Mpaka leo namshukuru kwa uongo ule, kama ulikuwa uongo, maana alipoondoka alituachia.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo na kuwasuka majirani nywele. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta, wa kuja na kuondoka. Ukija mchana, natupa kitana, nawasha mashine. Lilikuwa gemu la mashindano ya magari. Unaanza na gari kuukuu, ukishinda unapata vya kuliongezea: injini yenye nguvu, springi, tairi za kila aina. Na kila ukibadilisha kitu, unaliingiza kwanza uwanjani peke yako, ulijaribu, uone umetengeneza au umeharibu. Kazi yangu ilikuwa zaidi kuharibu.

Siku za kwanza baba hakutaka hata kuangalia. Alikaa kwenye kiti chake ametupa mgongo. Lakini masikio ya dereva jamani! Nikichelewa kubadilisha gia anaguna. Nikigonga ukuta anavuta pumzi. Siku moja akashindwa kabisa, akageuka na kiti chake chote. "Mama, breki! Hiyo gari haina breki?" Baba zetu huwa wanatuita mama sisi mabinti, hivyo hapo alikuwa ananigombeza mimi, siyo mke wake.

"Inazo, baba. Njoo uendeshe wewe basi."

Nilisema kwa hasira tu, halafu nikatamani ardhi ipasuke. Lakini alikuja. Akakaa mkekani, akaichukua pedi, na papo hapo tukaona tatizo. Usukani uko kwenye kidole gumba cha kushoto. Mafuta na breki viko kulia. Kaka alikuwa ameleta dawa ya mkono mbovu ambayo inataka mkono mzima!

Sijui nani alianza. Nakumbuka tu nimekaa bega kwa bega naye, upande wake wa kushoto, pedi iko katikati yetu, mimi nimeshika usukani na yeye ameshika mafuta na breki. Dereva mmoja, tukamgawana wawili. Mama alitoka jikoni na mwiko, akatuona, akarudi zake jikoni.

Sasa ugomvi. Gari letu lilikuwa dogo, jekundu, la kuvutwa na tairi za mbele. Baba alikuwa hajawahi kuendesha kitu cha namna hiyo. Maisha yake yote ni malori na Land Rover za kusukumwa na tairi za nyuma. Nilipomsomea kwenye skrini kwamba nguvu yote inakwenda mbele, alicheka mpaka akakohoa. "Gari gani hii, inakokotwa kama jembe la Wasukuma?" Lakini ukimpa fursa ya kutengeneza gari, dereva wa Mpanda atatengeneza alivyozoea. Kwetu masika yakiingia, madereva wanajua: mzigo mzito urudishwe nyuma, na tairi nzuri, ile yenye meno, ifungwe nyuma, ing'ate tope. Kipara kinakwenda mbele, kazi ya mbele ni kuonyesha njia tu. Baba akaniamuru tairi laini za kushika lami nizifunge nyuma, zile ngumu za bei poa ziende mbele. Nikafunga. Mimi nilijua nini?

Tukaingia kulijaribu. Kona ya kwanza, mimi nimekata usukani mpaka kidole kinauma, gari linanyoosha tu kama halijasikia. Puu, ukutani.

"Kata kona, mama!"

"Nimekata!"

"Umekata wapi? Ingekatika tungekuwa ukutani hapa?"

Na yeye, kila gari likinyoosha, anaongeza mafuta. Ndivyo alivyozoea: lori likigoma kugeuka kwenye tope unalikanyaga, nyuma inazunguka, pua inakuja. Lile gari dogo ukilikanyaga ndiyo kwanza linazidi kukimbilia ukuta. Tuligonga, tukagonga, tukatupiana lawama kama wake wenza. Nikamwambia anaendesha kama mtu anayekimbia deni. Akaniambia kidole changu ni cha kusukia nywele, kirudi huko. Nilinuna, nikazima mashine mwenyewe kabla hata umeme haujakatika.

Kesho yake nikawa natandaza mpunga juani, yeye ameegemea ukuta anaangalia njiani. Familia moja ya wafugaji ilikuwa inapita na maksai wao wawili wanavuta mkokoteni, na njia ina matope. Ng'ombe mmoja akateleza. Mkokoteni haukugeuka, ulikwenda ulikokuwa unakwenda, mpaka kwenye shimo. Baba akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue.

"Mama! Ng'ombe ndiye anataka viatu, siyo mkokoteni!"

Nikajua kichwa kimepata shida. Haki ya Mungu, nilitaka kumwita mama. Lakini yeye ananielekeza ndani, kwenye televisheni. Tairi nzuri mbele! Tukabadilisha, tukaingia uwanjani, kona ya kwanza pua ikaingia safi. Tukaangaliana. Tukaongeza injini yenye nguvu zaidi, gari likaanza kunyoosha tena, kwa sababu tairi zile zile za mbele zinavuta na zinageuza kwa wakati mmoja. Hapo ndipo baba alipoonyesha kwamba yeye ni fundi wa barabara. Akaacha kukanyaga. Akawa ananiambia polepole, "Naachia kidogo... sasa ingiza... imeingia? Haya, navuta." Kweli kona inaingia, anavuta, tunatoka tunapepea. Nilikuwa nasikia mafuta yake begani mwangu kabla sijayaona kwenye skrini. Tulishinda mashindano ambayo kaka mwenyewe alikuwa ameshindwa, na baba akapiga mluzi. Mama alikuja kusimama mlangoni, akafuta macho kwa kitenge, akasingizia moshi wa kuni.

Ningependa niishie hapa. Lakini msimu wa tumbaku ulikuwa unakaribia, na mzee wangu kwa furaha ile akaanza kusema, "Mnaona? Niko sawa." Alikuwa anawaambia majirani. Aliwaambia mpaka watu wa jumuiya waliokuja kusali. Sisi tuliojua nani alikuwa ameshika usukani tulikuwa tunacheka cheko la uongo. Niliogopa sana. Niliona tumefanya ujinga, tumempa mtu mkono ambao hana.

Mchana mmoja, tajiri ametuma salamu kwamba atapita, baba akasema, "Leo naijaribu peke yangu. Wewe kaa pale." Akanionyesha kiti chake. Nikakaa. Akaweka gari letu jekundu uwanjani, akashika pedi mikono yote miwili.

Kona ya kwanza ya kushoto ilikuwa nzuri. Kidole gumba kilibonyeza, gari likageuka. Halafu kona ikaisha, na kidole hakikutoka. Gari likaendelea kugeuka kushoto, likatoka njiani, likagonga. Akakibandua kidole kwa mkono wa kulia, akaanza upya. Likagonga pale pale. Akaanza tena. Safari hii alikwenda taratibu, mwendo wa mtu anayebeba mayai, na bado kidole kikashika na gari likaenda kuegemea ukuta, injini inalia, tairi za mbele zinazunguka bure. Hakuongeza mafuta. Aliliacha lilie.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani, wala haiweki chini wala haondoki.

Baba hakunigeukia. "Mama," akasema, "kwenye mteremko wa Mwese, mimi nimeshika lori, wewe ungepanda nyuma?"

Nilijua jibu analolitaka, na nilijua watu wazima wote wa ukoo wetu walikuwa wamelikwepa swali hilo kwa miezi. Niliona mama ananitikisia kichwa: usiseme. Nikawaza wale wanaokaa juu ya magunia na watoto wao na kuku wao.

"Nisingepanda, baba."

Akaweka pedi chini. Nilianza kulia, nikaomba msamaha, akanikatiza. "Usilie. Asante. Nilikuwa nimemuuliza kila mtu kwa macho, mama, kila mtu ananiambia nakula vizuri." Halafu akamgeukia mama, akamwambia alete hicho chakula kabla hakijapoa, njaa inamuuma.

Tajiri alikuja mwisho wa wiki hiyo, na lori lenyewe, yule kijana akiwa usukanini. Alikuwa amejiandaa, maskini, unamwona anatafuta pa kuanzia. Alizungumzia mvua, bei ya tumbaku, akarudi kwenye mvua. Baba akamwonea huruma.

"Tajiri, mimi kuendesha basi. Mkono huu unashika, hauachii. Ila huyu kijana wako njia ya Mwese haijui, nasikia anaichoma klachi. Nipe kiti cha utingo. Nikae pembeni nimwambie."

Utingo, kwa asiyejua, ni yule wa kufunga maturubai na kuweka mawe chini ya tairi. Baba yangu alikuwa ametuma matingo maji ya kunywa kwa miaka yote niliyomfahamu. Tajiri akaanza, "Mzee, hapana, utingo tena, watu watasemaje..." Baba akamjibu, "Watasema mimi utingo. Si kweli? Nimeshaendesha nusu na binti yangu hapa, siyo vibaya."

Nilikuwa nyuma ya dirisha, nilisikia yote. Nilitaka kutoka nikambusu miguu mzee wangu.

Jumatatu lori lilikuja kumchukua. Majirani walikuwa nje wote, unawajua watu wetu, wanafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Baba alitoka na ovaroli lake lililopigwa pasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kulia, kama siku zote, akainua mkono kuushika. Ndani yule kijana akaanza kuhama kiti kwa heshima, amechanganyikiwa. Baba akausimamisha mkono hewani. Akamwambia, "Kaa, baba, kaa hapo hapo." Halafu akazunguka mbele ya lori, mbele ya macho yetu sote, bila kuharakisha, akafika mlango wa kushoto, akaufungua kwa mkono wa kulia, akapanda.